Jicho halipendi mgeni: Historia ya dawa ya macho, na neno linaloweza kuipoteza

Jicho ni kiungo cha ajabu. Liko nje, kila mtu analiona, na bado ni miongoni mwa sehemu ngumu zaidi za mwili kufikishiwa dawa. Sababu ni kwamba jicho halipendi mgeni. Likiingiwa na kitu hupepesa, hulia, na kukisukuma nje. Haliulizi kama kilichoingia ni vumbi la Mbeere au dawa ya daktari.

Hebu tufanye hesabu. Tone moja la chupa huwa na takriban mikrolita 30 hadi 50. Machozi yanayofunika jicho wakati wowote ni kama mikrolita saba tu, na hata likijitahidi, jicho haliwezi kubeba zaidi ya 30 hivi. Dawa iliyosalia hutiririka shavuni, au huingia katika kijitundu kilicho pembeni mwa kope karibu na pua na kuteremka hadi kooni. Ndiyo maana mtu hutiwa dawa jichoni akaisikia uchungu mdomoni! Baada ya dakika chache, nyingi imekwisha kwenda. Inayopenya ndani ya jicho kwa kawaida haifiki asilimia tano. Nayo hulazimika kuivuka konea, kile kioo cha mbele, ambacho tabaka lake la nje hupitisha vitu vya mafuta na lile la katikati hupitisha vitu vya maji.

Kwa hivyo, historia ya dawa za macho si historia ya dawa pekee. Ni historia ya swali moja: dawa itakaaje?

Jibu mojawapo la kale tunalijua kwa jina la wanja. Pwani uliitwa wanja wa manga, jina linaloelekeza Uarabuni, na ulipakwa kwa urembo na kwa tiba pia. Ulikuwa unga wa jiwe uliosagwa mpaka ukawa laini kabisa, na faida yake ni kwamba hukwama penye ukingo wa kope, mahali ambapo maji hayakai. Waarabu waliuita kuhl, na kutokana na neno hilo Wazungu walipata 'alkoholi', kwanza kwa maana ya unga laini, kisha kitu kilichosafishwa, na hatimaye kileo. Lakini jiwe lenyewe mara nyingi lilikuwa na risasi, ambayo ni sumu, na aina fulani za wanja zinazouzwa hadi leo bado zinayo.

Huku milimani, nyumba nyingi zilikuwa na majibu yake: maziwa ya mama anayenyonyesha, au maji ya majani yaliyopondwa. Neno 'ndawa' katika Kimeru na Kiembu lilitokana na Kiswahili, nacho Kiswahili kilitoa 'dawa' kwa Kiarabu. Lakini kutibu kwenyewe hakukungoja neno. Ila majani yaliyopondwa huja na vijidudu vyake, na konea iliyokwaruzwa haina subira. Kidonda kidogo kinaweza kuacha kovu jeupe la maisha.

Dawa ya chupa ilifika na hospitali. Mwaka 1922 Dkt Archibald Irvine wa misheni ya Kanisa la Scotland alifika Chogoria, wakati huo sehemu ya wilaya ya Meru. Misheni hiyo ilikuwa na makao yake makuu Kikuyu, na ni Kikuyu hiyo hiyo ambako, miongo saba baadaye, kulifanyika utafiti uliobadilisha namna ulimwengu unavyotazama macho ya watoto wachanga.

Kisa chake ni hiki. Mtoto anaweza kuambukizwa kisonono machoni wakati wa kuzaliwa na kupofuka katika siku chache. Mjerumani Carl Credé wa Leipzig alitangaza mwaka 1881 kwamba tone moja la nitrati ya fedha kwa kila jicho huzuia janga hilo. Katika hospitali yake, ugonjwa ulishuka kutoka takriban mtoto mmoja kati ya kumi hadi chini ya mmoja kati ya mia. Lakini nitrati ya fedha huwasha macho, na chupa ikikaa wazi maji hukauka, dawa ikawa kali kuliko ilivyokusudiwa.

Sherwin Isenberg, Leonard Apt na wenzao walijaribu kitu kingine kule Kikuyu: aidini aina ya povidoni, ya asilimia 2.5. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 katika New England Journal of Medicine. Watoto walikuwa 3,117. Waliopata maambukizi ya macho walikuwa asilimia 13.1 kwa aidini, 15.2 kwa marhamu ya erithromaisini, na 17.5 kwa nitrati ya fedha. Aidini ilikuwa rahisi kwa bei pia. Kisha kuna jambo dogo ambalo mimi, kama mtu wa lugha, nimelipenda: dawa hii huacha rangi ya kahawia machoni kwa dakika chache. Mkunga akitazama anajua mtoto huyu ametiwa, yule bado. Dawa inajitangaza yenyewe, bila karatasi wala mkalimani.

Dawa nyingi hazina bahati hiyo. Chukua trakoma, ambayo Watanzania huiita vikope. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2004 katika wilaya sita za Kenya, Meru Kaskazini ikiwemo pamoja na Samburu, Narok, Pokot Magharibi, Kajiado na Baringo, ulionyesha kwamba trakoma ya kupofusha ilikuwa tatizo la afya ya umma. Kwa miaka mingi tiba ilikuwa marhamu ya tetrasaiklini ya asilimia moja. Marhamu ni mafuta. Hukaa jichoni muda mrefu kuliko maji. Kumbe lile swali limejibiwa? La. Ilibidi itiwe mara mbili kwa siku kwa wiki sita. Hizo ni mara 84 kwa kila jicho, kwa mtoto anayepiga mateke na mama aliye na maji ya kutafuta mbali. Tena marhamu hutia ukungu machoni. Nani atafika wiki ya sita?

Mwaka 1993 watafiti waliofanya kazi Gambia walionyesha kwamba azithromaisini, iliyomezwa mara moja tu, ilifanya kazi sawa na wiki hizo sita za marhamu. Dawa ilizunguka nyuma: ikapita tumboni, ikaingia damuni, ikafika kwenye kope kwa mlango wa ndani. Jicho halikupata nafasi ya kuifukuza. Hata mizani haikuhitajika, kwani kipimo hukadiriwa kwa fimbo ya kupima urefu wa mtoto. Watoto wa chini ya miezi sita ndio waliobaki na marhamu.

Lakini si kila ugonjwa wa jicho una kidonge. Kidonda cha konea, mzio wa vumbi na presha ya macho bado hutegemea tone. Na hapa ndipo lugha inapoingia, kwa sababu tone hutiwa nyumbani, na mtu asiye daktari, kwa maneno aliyoambiwa dirishani.

Mfano: daktari ameagiza mgonjwa wa kidonda cha konea atiwe dawa kila baada ya saa mbili. Mhudumu ana foleni ndefu, anasema haraka: "Utaweka kila saa mbili." Sasa msikilize kwa sikio la mama aliyetoka Tigania ama Siakago. Kwa Kiswahili, saa mbili ni wakati kwenye saa: saa mbili asubuhi, saa mbili usiku. Mama atatia dawa mara mbili kwa siku badala ya mara nane au zaidi, na atakuwa ametii kabisa. Jicho linaweza kupotea kwa kukosekana neno 'baada'.

'Kutwa mara tatu' nayo ina kasoro. Kutwa ni mchana, mpaka jua litwe. Usiku ni kucha. Anayeelewa Kiswahili vizuri ana haki ya kumaliza dozi zote tatu kabla ya magharibi. Na ile '1×2' ya kwenye bahasha? Kwa kidonge inaeleweka. Kwa marhamu, moja ni nini? Isitoshe, ukimwambia mtu 'paka machoni' anaweza kupaka juu ya kope, nje, kama mafuta ya uso.

Wanasayansi wametumia zaidi ya karne moja kuifanya dawa idumu jichoni. Sisi wa lugha tunaweza kuimwaga kwa sentensi moja. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, basi na kiandikwe kwenye chupa. Maneno yenyewe si mengi:

"Nawa mikono. Vuta kope la chini, tia tone moja ndani yake, chupa isiguse jicho. Fumba jicho, bonyeza pembe iliyo karibu na pua kwa dakika mbili. Kama kuna dawa ya pili, ngoja dakika tano. Marhamu iwe ya mwisho. Rudia kila baada ya saa mbili. Usitumie dawa ya mtu mwingine."

Kule kubonyeza si urembo. Kunaziba njia ya kooni, dawa ikabaki jichoni. Kwa mgonjwa wa pumu aliyepewa timololi ya presha ya macho, kunapunguza pia dawa inayoingia damuni na kumbana kifua. Na onyo la mwisho lina uzito, maana baadhi ya matone ya macho yana steroidi. Yakitumiwa kiholela huleta presha ya macho na mtoto wa jicho, na huweza kuzidisha kidonda.