Macho ya Njano

Kongosho limejificha nyuma ya tumbo, karibu na uti wa mgongo. Ndiyo maana historia ya saratani yake ni historia ya kuchelewa.

Mwaka 1890, Ludwig Courvoisier wa Uswisi aliandika jambo ambalo madaktari hufundishwa hadi leo: mgonjwa akiwa na umanjano, na mfuko wake wa nyongo umevimba bila kuuma, usikimbilie kulaumu vijiwe. Huenda kuna uvimbe umeziba njia.

Lakini kujua si kutibu. Wagonjwa hao wakipasuliwa walivuja damu ovyo. Walther Kausch wa Berlin, 1909, na Allen Whipple wa New York, 1935, wakagawa upasuaji mara mbili: kwanza nyongo ipate njia, umanjano upungue, ndipo uvimbe utolewe. Kumbe nyongo isipofika kwenye utumbo, mwili haufyonzi vitamini K, na bila hiyo damu haigandi vizuri. Vitamini hiyo aligundua Henrik Dam wa Denmark. Kufikia 1940, Whipple alimaliza kazi yote kwa upasuaji mmoja.

Shangazi yangu aliambiwa ni malaria, mara taifodi, mara vidonda vya tumbo. Skani ilipopigwa, saratani ilikuwa imesambaa, na huo upasuaji hausaidii ikifika hapo. Nimesoma historia hii yote nikimfikiria yeye, na nimebaki na neno moja tu: macho ya mtu wako yakigeuka njano, jamani, msingoje hadi aumwe.