Koroma: Punda Aliyekuwa Hajaiva

Sinema za safari za Afrika ya zamani zina picha moja ambayo hazichoki kuirudia: mzungu juu ya farasi, bunduki begani, na nyuma yake mstari mrefu wa wapagazi. Vijana wenzangu mnaoandika riwaya za karne ya 19, najua picha hiyo inavutia. Shujaa anaingia Tabora juu ya farasi mweupe, vumbi linatimka, watoto wanamkimbilia. Basi bwana, kabla hujaiandika, jiulize kwanza: huyo farasi katoka wapi, na nani kakwambia atafika?

Maana njia ile ya misafara, kutoka Bagamoyo mpaka Tabora, zaidi ya kilometa 800, halafu kutoka Tabora mpaka Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika, ilikuwa kaburi la farasi. Aliyetaka kupanda mnyama alilazimika kushuka cheo na kupanda punda. Na mara nyingi hakuwa punda mpole wa mjini, bali punda wa bara ambaye hajawahi kubeba mtu. Mpandaji mwenyewe alikuwa mtu mzima, hajui, na mnyama naye hajui. Hapo ndipo ilipo historia ninayotaka kuisimulia, kwa sababu ndani yake mna somo la uvumilivu ambalo vitabu vya shule vilituruka.

FARASI WA SULTANI

Tuanze na Henry Morton Stanley, yule mwandishi wa habari aliyetumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta David Livingstone. Alipoondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 alikuwa na punda 27 na farasi wawili. Farasi mmoja alikuwa zawadi ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Mambo yalikuwa ya kifahari kwelikweli.

Fahari hiyo haikufika mbali. Walipokuwa kwenye kijiji cha Kingaru, hata Morogoro hawajaiona, farasi wa Sultani akafa. Stanley akaamuru azikwe. Mkuu wa kijiji akaja juu: nani kakuruhusu kuzika mnyama katika ardhi yangu? Toa faini ya nguo! Stanley akamjibu kwamba kama ni hivyo watamfukua, wamwache aozee palepale juu ya ardhi. Mzee akapima, akaona heri yaishe. Hazikupita saa nyingi, farasi wa pili naye akafa.

Stanley alimpasua yule wa kwanza, akakuta minyoo tumboni, akaona ndiyo sababu. Leo tunajua kwamba njia ile ilikuwa na maadui wawili wakubwa wa farasi. Wa kwanza ni mbung'o, anayeeneza ugonjwa wa nagana. Mwaka 1895 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, aligundua huko Zululand kijidudu kinachosababisha nagana, na akaonyesha kuwa mbung'o ndiye anayekisambaza. Misitu ya miombo inayoizunguka Tabora ni makazi ya mbung'o tangu enzi. Adui wa pili ni ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoletwa na visubi wadogo. Huo humwangusha farasi kwa siku chache tu, lakini punda huuhimili vizuri zaidi. Kwa hiyo farasi hakushindwa kwa uvivu wala kwa uchawi. Alikuwa mgeni katika nchi ambayo hewa yake ina meno.

Wengine walijaribu njia nyingine. Wamisionari wa London Missionary Society walileta magari ya kukokotwa na ng'ombe kutokea Saadani mwaka 1877. Ng'ombe wakafa kwa mbung'o na magari yakaachwa. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji akaleta tembo wanne waliofundwa kutoka India, wakateremshwa Msasani. Ndiyo, Msasani hii hii ya Dar es Salaam! Ni mmoja tu aliyefika Karema, ziwani. Mnaona mtindo wake? Kila mnyama aliyeletwa akiwa ameshafunzwa vizuri mahali pengine, njia ilimkataa.

DAFU SI DAFU, NAZI SI NAZI

Miaka 14 kabla ya Stanley walipita Richard Burton na John Hanning Speke. Waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakaingia Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba, baada ya siku 134. Walianza na punda wa kupanda walionunuliwa Zanzibar, wanyama waliozoea tandiko na hatamu. Nao wakafa. Ikabidi wazungu wale wapande punda wa Unyamwezi, ambao Burton aliwaona kuwa nusu wamefugwa, nusu ni wa porini. Jina aliloliandika ni koroma.

Msomaji wa pwani hapo lazima atabasamu. Koroma ni ile nazi ambayo si dafu tena, lakini haijawa nazi kamili. Maji yake yamepungua utamu na nyama yake haijafaa kukunwa. Sijui jina gani lingemfaa zaidi punda wa namna hiyo! Si wa porini, kwa sababu anakaa na watu. Si wa kupandwa, kwa sababu hakuna aliyemfunza. Yupo katikati.

Burton amewalalamikia punda hao kurasa kwa kurasa. Eti wanashtuka, wanajikwaa, wanainuka kwa miguu ya nyuma, wanazunguka kama pia, wanaruka mpaka mikanda ya tandiko inakatika. Upepo ukivuma wanatimua mbio ovyo, jua likiwaka wanakimbilia kivulini na mpandaji juu yao, na kila shimo wanaliona kama nyumbani. Ukimsoma unacheka. Lakini ukishacheka, rudi umsome tena kwa jicho la pili. Mtu huyu alikuwa hodari wa lugha, aliyewahi kwenda Makka kwa kujigeuza Mwislamu. Mbele ya koroma alikuwa mwanafunzi wa darasa la kwanza, na hasira yake ni ya mtu mzima anayefunzwa na mwalimu asiyemheshimu.

Hata hivyo hao hao punda waliotukanwa ndio waliofanya kazi. Wakati wa kwenda Ujiji, Burton alikuwa hawezi kutembea, akabebwa kwa machela. Speke alikuwa karibu kipofu kwa ugonjwa wa macho, akapanda punda. Tarehe 13 Februari 1858 walipanda mlima wenye mawe na miiba. Kileleni wakaona kitu kinang'aa mbele yao, nalo lilikuwa Ziwa Tanganyika. Mlima ule ule ulimuua punda wa Speke. Wahenga walisema punda afe, mzigo ufike. Hapa mzigo ulikuwa mtu asiyeona, akafikishwa mahali ambapo wenzake walimsimulia ziwa wanalolitazama. Kitabuni punda huyo kapewa maneno machache tu.

BAHARIA NA MZEE

Sasa linganisheni watu wawili, wote wa miaka ya 1871 na 1872, wote wapandaji wasio na ujuzi mkubwa.

Wa kwanza ni John William Shaw, baharia wa Kiingereza aliyeajiriwa na Stanley. Baharia anajua chombo, hajui punda. Mwezi Septemba 1871, Stanley alipoondoka Kwihara, karibu na Tabora, ili kumzunguka Mirambo kwa upande wa kusini, Shaw alikuwa akianguka kutoka kwenye punda wake mara kwa mara. Stanley aliona ni mvivu na mwoga, akamkaripia mbele za watu. Baada ya siku chache akakubali arudishwe Kwihara. Shaw akafia huko. Kumbe hakuwa akijifanya. Alikuwa mgonjwa kweli. Somo hili lina uchungu wake: si kila anayeanguka amekata tamaa, na anayemcheka aliyeanguka mara nyingi yeye mwenyewe ameketi vizuri.

Wa pili ni Livingstone. Stanley alipompata Ujiji, wakarudi pamoja kuelekea Tabora. Stanley alimnunulia mzee punda, kwa sababu miguu yake ilikuwa imekwisha kwa safari. Livingstone wakati huo alikuwa na miaka 58. Tarehe 27 Januari 1872 kundi la nyuki likawavamia. Punda wa Stanley akatimua mbio. Punda wa mzee, badala ya kukimbia, akajiangusha chini akawa anagaagaa. Mzee naye akaanguka na kugaagaa, akainuka, akakimbia, akajitosa kichakani huku akijipungia matawi kichwani. Aliumwa uso mzima. Punda wake akafa baada ya siku mbili.

Kwa nini punda yule hakukimbia? Mtu aliyezoea farasi atasema ni mjinga. Aliyeishi na punda atakuambia vingine. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa, mara nyingi husimama kwanza, hupima, hung'ang'ana palepale. Ndiyo maana tunamwita mkaidi. Kumbe ule ukaidi ni namna yake ya kufikiri, na asipomwamini aliye juu yake, haongezi hatua hata umpige mpaka fimbo ivunjike. Imani hiyo hainunuliwi Ujiji leo ukaondoka nayo kesho asubuhi. Kwanza humzoeza kushikwa mwili, kisha gunia tupu mgongoni, kisha shogi zenye mzigo mwepesi, kisha mtoto, ndipo mtu mzima. Msafara haukuwa na subira hiyo. Mpandaji na mnyama walifahamiana wakiwa tayari njiani, kati ya nyuki na mbung'o.

Lakini mzee hakuacha. Alifika Kwihara Februari 1872, akakaa kwenye tembe ile ambayo leo ni makumbusho, akisubiri wapagazi kutoka pwani. Tarehe 25 Agosti aliondoka kuelekea kusini, na punda walikuwamo katika msafara. Tarehe 21 Aprili 1873, akiwa hoi kwa maradhi katika nchi ambayo sasa ni Zambia, alijaribu kupanda tena. Hakuweza. Wakambeba kumrudisha kijijini. Siku chache baadaye akafa, na akina Chuma na Susi wakaibeba maiti yake kwa miguu, wakapita Tabora mwezi Oktoba 1873, mpaka pwani.

WALIOJUA HAWAKUANDIKA

Hapa ndipo mimi huwa nasimama na kuuliza. Burton ameandika, Stanley ameandika, Livingstone ameandika. Wote walikuwa wanagenzi wa punda. Mabingwa walikuwa wapi?

Walikuwepo. Kila msafara ulikuwa na watu wa kufunga na kufungua mizigo ya punda alfajiri na jioni, watu waliowavusha kwa kamba katika mito na katika tope la Makata wakati wa masika. Walikuwepo wakulima na wafugaji wa Unyamwezi na Ugogo waliowazalisha punda hao na kujua majani gani yanawadhuru. Walikuwepo wapagazi wa Kinyamwezi, uti wa mgongo wa biashara yote ile, ambao wengi wao walibeba kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na wakatembea pale ambapo mnyama wa kigeni alikufa. Wao hawakushika kalamu, kwa hiyo katika vitabu punda ni mnyama wa kuchekesha na mwenzake aliyemtunza hana jina.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, barabara ya misafara ilikwisha kazi. Mzungu hakuhitaji tena koroma. Punda yeye hakuondoka. Alibaki akibeba maji, kuni na magunia ya mpunga, na yupo mpaka leo katika vijiji vya Tabora na Shinyanga, akivuta mkokoteni huku akichapwa na kuambiwa shukrani yake ni mateke.

Na hatari yake ya karne hii haikuwa mbung'o. Ilikuwa ngozi yake. Huko China ngozi ya punda huchemshwa kutengenezea dawa iitwayo ejiao, na biashara hiyo iliwamaliza punda katika nchi nyingi za Afrika. Mwaka 2022 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji wa punda, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kuizuia biashara ya ngozi zao barani kote. Hebu fikiria: mnyama aliyeishinda njia iliyowashinda farasi wa Sultani na tembo wa Mfalme Leopold, nusura aishie ndani ya sufuria.

Vijana wenzangu, nayasema haya kwa sababu sisi tunaoanza kuandika ni koroma vilevile. Dafu tumeshapita, nazi bado. Tuna haraka ya kupanda farasi wa watu, yaani hadithi zilizofunzwa kwingine, zenye mashujaa waliokwisha kutandikwa na kufungwa hatamu. Wanapendeza gatini Bagamoyo. Kingaru wanakufa. Hadithi ya kwetu ni ngumu kupanda. Itakuangusha, itazunguka kama pia, itasimama katikati ya njia ikikupima kama unaaminika. Ukiichapa haiendi. Ukikaa nayo, ukaanza na gunia tupu, ukaongeza mzigo taratibu, itakufikisha.

Kwa hiyo mwenye riwaya na aandike. Lakini shujaa wake akiingia Tabora, aingie kwa miguu, au juu ya punda mwenye masikio yaliyoraruka kwa miiba, na kamba ya punda huyo ishikwe na Mnyamwezi mwenye jina. Jina hilo vitabu vya wasafiri havikulihifadhi. Kulitafuta ni kazi yetu sisi.