Nguzo za Mkunazini

Mgeni aingiaye na kamera katika Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Unguja, huelekea madhabahuni moja kwa moja. Nami nilifanya hivyo. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa Sikukuu ya Krismasi ya mwaka huo huo. Inaelezwa kuwa madhabahu ipo mahali palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa. Duara la marumaru sakafuni hupaonyesha. Msalaba mmoja humo ulichongwa kutokana na mti wa Chitambo, Zambia, ambapo moyo wa Livingstone ulizikwa.

Ukitazama juu, dari limepinda kama pipa lililopasuliwa kwa urefu. Lilijengwa kwa matumbawe yaliyopondwa na saruji. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, alizikwa nyuma ya madhabahu mwaka 1882.

Lakini picha niithaminiyo zaidi niliipiga upande wa mlango wa magharibi. Hapo nguzo zimesimama kichwa chini, miguu juu. Husimuliwa kuwa Askofu alikuwa safarini, na mafundi wakazisimamisha walivyoona wao.

Wageni huzicheka. Mimi sikucheka. Jina la Askofu tunalijua, na la Livingstone tunalijua. Majina ya mafundi sikuyaona popote ukutani. Alama ya mikono yao ni nguzo hizo. Nanyi wanafunzi mlioko shuleni, mkifika Mkunazini, msiishie madhabahuni. Geukeni mtazame na mlangoni.