Kisabengo, Yeftha na Mashujaa Wenye Dosari

Mtu aliyejenga mji ambao baadaye ukawa Morogoro, kama angekuwa msharika wetu leo, wazee wa kanisa wangesita kumkabidhi hata kapu la sadaka. Jina lake ni Kisabengo. Alikuwa Mzigua, na katika karne ya 19 alifika chini ya milima ya Uluguru akiwa na kundi la wakimbizi, wengi wao watumwa waliotoroka. Aliwapa ukuta wa kujikinga. Aliishi pia kwa kuteka watu wengine.

Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipita hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Kisabengo alikuwa ameshafariki, na binti yake, Simbamwene, ndiye aliyetawala. Stanley aliukuta mji wenye minara ya mawe kwenye pembe zake na milango ya mbao zilizochongwa, akakadiria wakazi kati ya 3,000 na 5,000. Aliandika kwamba Kisabengo alisifika kwa nguvu, ulimi na werevu, kisha akamwita mteka watu. Tukumbuke tu kwamba shahidi huyu naye hakuwa malaika. Alimchapa mpishi wake kwa udokozi mpaka akatoroka, na askari aliowatuma kumtafuta wakashikwa na Simbamwene!

Wengi wetu tumezoea kufikiri kwamba shujaa mwenye dosari ni mtu mwema mwenye doa moja, kama kanzu nyeupe iliyodondokewa na mchuzi. Ukifua, kanzu inabaki. Kwa Kisabengo haiwi hivyo. Ujasiri uliomwezesha kusema na watoro wasiomwamini mtu yeyote, wakamfuata, ndio huohuo uliomfanya avamie vijiji vya watu waliokuwa wakilima kwa amani. Ukiliondoa doa, mtu mwenyewe anaondoka.

Wayunani wa kale walilijua jambo hili. Katika utenzi wa Iliad, unaohusishwa na jina la Homer, shujaa mkuu ni Achilles. Ananyang'anywa mateka wake, Briseis, anaona amevunjiwa heshima, na anakataa kupigana. Tena anaomba kupitia kwa mama yake kwamba wenzake washindwe vitani ili wamkumbuke. Wanakufa wengi, na mwisho anakufa Patroclus, rafiki yake kipenzi. Ndipo hasira inageukia upande mwingine: anamuua Hector na kuukokota mwili wake nyuma ya gari la farasi. Ukali unaomfanya Achilles awe ngao ya jeshi lake ndio unaoliangamiza. Mshairi hamtetei. Lakini anatuonyesha mzee Priam, baba wa Hector, akiingia usiku katika hema la adui na kuibusu mikono iliyoua wanawe, na Achilles akilia naye na kumrudishia mwili akazike.

Kitu kingine anachofanya mshairi huyo ni kumpa Briseis sauti. Mateka huyo, ambaye Achilles alimuulia mume, analia mbele yetu na kutaja aliowapoteza.

Maandiko nayo yanaye Kisabengo wake. Katika Waamuzi 11 tunasoma habari za Yeftha, mwana wa kahaba, aliyefukuzwa na ndugu zake asipate urithi. Akakaa nchi ya Tobu, wakamkusanyikia watu wasio na kazi, wakawa wanatoka pamoja naye. Vita vilipokuja, wazee wa Gileadi waliomdharau walimfuata wakimbembeleza. Akashinda. Lakini kinywa kilekile kilichojua kujadiliana na wazee na mfalme wa Waamoni kilitoa nadhiri ya haraka, na aliyeilipa ni binti yake wa pekee. Daudi naye, katika 1 Samweli 22, alikusanyikiwa pangoni Adulamu na watu kama 400 wenye dhiki na madeni. Mbele yake kulikuwa bado na kaburi la Uria.

Waebrania 11:32 inamtaja Yeftha kati ya watu wa imani, pamoja na Gideoni, Baraka, Samsoni na Daudi. Wapo wahubiri wanaolipita jina hilo mbiombio. Sisi tunaona lilivyokaa ni sawa, kwa sababu mwandishi wa Waamuzi alikuwa ameshalitaja deni hadharani. Aliandika kwamba mabinti wa Israeli walikwenda kila mwaka, siku 4, kumwombolezea binti wa Yeftha.

Mvua kubwa za mwaka 1872 ziliuvunja ukuta wa Simbamwene, na Stanley aliyaona mabaki aliporudi. Miaka ya 1880 wamisionari Wakatoliki wa Roho Mtakatifu walijenga misheni Morogoro. Tangu 1868 walikuwa Bagamoyo wakiwalea watoto waliokombolewa utumwani. Jina la ukoo wa Kisabengo bado liko mjini, katika kata ya Kingo, na kuwaeleza watoto wetu limetoka wapi ni haki yao. Ila tukishamtaja mjenzi wa ukuta, twende pia Matombo na Kinole, tukae na bibi na babu zetu wa Kiluguru, tuwaulize ni nani katika ukoo wao alishuka mlimani asirudi. Majina yatakayopatikana yasomwe kanisani, siku tunayowakumbuka marehemu wetu.