Waliokaa na Taa: Habari ya Chumbe na Maziwe

Hii ni habari ya visiwa viwili na ya kazi ya kuwasha taa, na anayeiandika ni mtu wa bara. Mimi ni wa Kwamsisi, upande wa Mkata, wilaya ya Handeni. Kwetu ni mahindi, mihogo na machungwa. Bahari haiko mbali, lakini haionekani. Tuliijua kwa nguru wa kukaanga na dagaa waliofika kwa baiskeli, na kwa upepo wa jioni ambao wazee walisema una chumvi.

Bibi yangu hakuwahi kupanda chombo maisha yake yote. Akisikia mtu wa nyumbani anavuka kwenda Unguja, hakuuliza nauli wala siku ya kurudi. Aliuliza: "Na hicho chombo kinalala wapi?" Nilipokuwa mtoto niliona ni swali la ajabu. Nimelielewa ukubwani.

Sisi Wazigua tuna sababu ya kuuliza hivyo. Miaka ya 1830 mvua zilikatika, njaa ikaingia Uzigua, na watu wakateremka pwani kutafuta chakula. Wengi waliingia majahazini kwa ahadi ya kazi na kushiba, kusi ikawasukuma kaskazini hadi Barawa, pwani ya Somalia, na huko wakawa watumwa. Baadaye walitoroka, wakajenga vijiji vyao kando ya mto Juba, wakaishi huko zaidi ya miaka 150 bila kuiacha lugha yao. Vita vya Somalia vya mwaka 1991 ndivyo vilivyowang'oa. Baadhi yao wakarejea Handeni, wakapokewa kwanza Mkuyu, kisha Chogo, na wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Nimewahi kukaa na mzee mmoja wa Chogo tukizungumza Kizigua. Maneno yake mengine nilikuwa nimeyasikia kwa bibi tu.

Pwani waliyoiacha watu wale ilikuwa na giza usiku kucha. Nahodha wa jahazi alitegemea nyota, rangi ya maji, na masikio yake, maana wimbi linalovunjika juu ya mwamba lina sauti yake. Asiyekuwa na hakika alitia nanga wakati wa magharibi akangoja alfajiri. Hilo ndilo bibi alilokuwa akiliuliza.

Meli za moshi ndizo zilizoleta taa. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870, akanunua meli zake mwenyewe baada ya dhoruba ya 1872 kuvunja vyombo vilivyokuwa bandarini. Meli ya moshi ina ratiba. Haingoji kaskazi, haingoji kusi, na mwenye mzigo hataki kusikia kwamba ilitia nanga kwa sababu ya giza. Mwaka 1886 ukasimama mnara wa Ras Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja. Upande wa bara Wajerumani wakaweka taa yao kisiwani Ulenge, kwenye mlango wa ghuba ya Tanga.

Hapo taa zinaingia katika habari za Korogwe na Handeni, ingawa watu wetu hawakuziona. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Ilianza safari ikiwa 1,000, ikabaki hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza Tanga, ikapanda kuelekea Korogwe, ikaendelea Mombo, hata Moshi. Kutokana na miche ile 62 mashamba yakaenea, na kila robota la singa lililofungwa Korogwe liliteremka kwa reli hadi Tanga, likapakiwa melini, likapita mbele ya taa ya Ulenge. Vibarua waliokata majani ya mkonge hawakujua kwamba kuna mtu amekaa kisiwani usiku kucha ili jasho lao lisizame.

Mnara wa Chumbe ulijengwa na Waingereza mwaka 1904. Kisiwa chenyewe kipo kusini-magharibi mwa mji wa Unguja, kama kilomita 12, pembeni mwa njia ambayo vyombo vya Dar es Salaam hupita kuingia bandarini. Ni jiwe tupu la matumbawe ya kale lililoinuka kutoka baharini, lenye urefu wa kilomita moja na kitu na upana wa mita 300 hivi. Kisima hakuna, wala chemchemi. Udongo ni wa kukusanya kwa kiganja.

Nilifika huko msimu wa kaskazi, kwa mashua kutoka ufukwe wa Mbweni. Ukikaribia unauona kwanza mnara, mweupe, umetoka juu ya miti. Kisha ukingo wa kisiwa, ambao bahari imeula kwa chini hadi mwamba umening'inia kama varanda. Ndani yake ni msitu mnene. Mizizi inatambaa juu ya jiwe, ikipata ufa inazama, isipopata inaendelea kutambaa hata hatua kumi. Kwenye ukuta wa mwamba kando ya njia niliona kombe kubwa, pana kama sinia la pilau, limegeuka jiwe likiwa limefumbata midomo yake vilevile kama lilivyokuwa hai. Niliweka mkono juu yake. Lilikuwa baridi ingawa ilikuwa saa saba mchana.

Kupanda mnara ni ngazi zaidi ya mia moja, zinazunguka, na kila dirisha dogo linakuonyesha bahari ile ile ikiwa pana zaidi. Juu kabisa kuna kizimba cha vioo chenye taa. Hapo ndipo nilipoielewa kazi. Watu hudhani mtunza taa anawasha tu. Taa za zama zile zilitaka kusafishwa vioo kila siku, maana chumvi ya upepo hugandia nje na masizi ndani, na kioo chenye masizi ni sawa na taa iliyozimwa. Utambi ulitaka kukatwa sawasawa. Mafuta yalibebwa mabegani, ngazi hizo zote, jua kali au mvua ya masika. Na usiku mtu hakulala moja kwa moja, kwa sababu taa ikizimika saa nane nahodha hana namna ya kujua kwamba imezimika. Yeye ataona giza tu, adhani bado yuko mbali.

Chini ya mnara kuna nyumba ya mtunza taa, na karibu yake msikiti mdogo uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa mtindo wa Kihindi, ambao hutauona kwa urahisi mahali pengine Unguja. Ni mdogo kiasi kwamba jamaa moja ikijipanga safu unajaa. Huo msikiti ulinigusa kuliko mnara. Mnara ulijengwa kwa ajili ya meli. Msikiti ulijengwa kwa ajili ya watu waliokuwa na nia ya kukaa.

Mwaka 1926 Chumbe iliwekewa taa ya gesi ya kampuni ya AGA ya Sweden. Taa za namna hiyo zilibuniwa na mhandisi Gustaf Dalén, ambaye taa zake ziliweza kuwaka na kujizima zenyewe, zikapunguza mno uchovu wa watunza taa duniani kote. Alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912, na mwaka huohuo gesi ilimlipukia katika majaribio akapofuka macho yote mawili. Aliendelea kuiongoza kampuni yake kwa miaka 25 akiwa haoni. Kila nikiiona taa ya bahari sasa namkumbuka mtu huyo.

Ningependa kusema taa inazuia kila balaa, lakini haizuii. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya abiria Skagit, ikitoka Dar es Salaam, ilizama mchana karibu na Chumbe kwa dhoruba ya kusi, na watu wengi hawakurudi. Mnara ulikuwa umesimama palepale. Nilipokuwa juu nikiangalia maji yale, yaliyotulia siku hiyo kama maziwa bakulini, nilisoma Fatiha.

Taa ya Chumbe ilifanya kazi nyingine ambayo hakuna aliyeituma. Kwa kuwa kisiwa kilikuwa cha serikali, kipo kwenye njia ya meli, na ng'ambo yake ni eneo la jeshi, wavuvi hawakuruhusiwa kujazana pale. Miti haikukatwa. Miamba ya upande wa magharibi haikupigwa baruti kama ilivyopigwa kwingine. Miaka ya mwanzo ya 1990 Sibylle Riedmiller, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Tanzania, aliizamia akakuta bustani nzima iko hai: aina zaidi ya 400 za samaki. Mwaka 1994 serikali ya Zanzibar ikaitangaza kuwa hifadhi, na kampuni yake ikakabidhiwa kuiendesha. Nyumba ya mtunza taa ikatengenezwa kuwa mapokezi ya wageni na darasa la watoto wa shule, ambao huletwa kuangalia kwa macho yao bahari ambamo baba zao huvua.

Mwaka huohuo wa 1994 walikuja buabua, wale wa jamii ya shakwe wenye kifua cha rangi ya waridi, wakataga kwenye vijiwe vidogo vilivyojitenga na kisiwa. Buabua hajengi kiota. Anataga juu ya jiwe, yai lina madoa kama jiwe lenyewe, na basi. Ukiwa na panya au kunguru hapo, kizazi kimekwisha. Panya waliteketezwa Chumbe mwaka 1997. Paa nunga, ambaye amebaki kwa shida sana Unguja, naye alipelekwa akaishi msituni humo. Yupo pia yule kaa mkubwa wa nchi kavu anayepasua nazi, anayetoka usiku. Nilimwona mmoja amekumbatia kifuu chini ya shina, akinitazama bila haraka ya kukimbia.

Ndege wa bahari wana makazi ya mbali zaidi ya hapo. Kusini-mashariki huko, kwenye maji marefu, kuna Fungu Mbaraka, mwamba usio na mti hata mmoja, ambapo buabua wa namna namna na ndege wakubwa weupe wenye uso mweusi hutaga maelfu kwa maelfu. Mimi sijafika na sidhani nitafika.

Walinzi wa Chumbe wa leo ni vijana na wazee wa vijiji vya jirani, wengi wao wavuvi wa zamani. Hawana silaha. Mvuvi akiingia mahali asipotakiwa, wanamfuata kwa mashua, wanasalimiana, wanamweleza samaki wanazaliana wapi na wanatoka kwenda wapi. Niliwaangalia jioni wakikaa chini ya mnara, redio ndogo katikati yao, nikaona kazi ni ile ile ya 1904. Mtu anakaa kisiwani macho ili wengine wasipotee.

Maziwe ni habari nyingine, na hiyo ndiyo inayoniuma, kwa kuwa ni kisiwa chetu sisi wa Tanga. Kipo kama kilomita 8 kusini-mashariki mwa Pangani. Kilikuwa na mivinje mirefu, na kasa wa aina tatu walikuja kutaga. Mwaka 1975 kikatangazwa kuwa hifadhi. Kufikia mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 mivinje ilikuwa imekwisha, mingine kwa shoka, na mchanga uliokuwa umeshikwa na mizizi ukaanza kuchukuliwa na mawimbi. Wataalamu wanabishana ni kiasi gani kilikuwa shoka na kiasi gani mikondo ya bahari. Mimi nasema hivi: Chumbe ilipata watu wa kukaa nayo usiku na mchana. Maziwe ilipata tangazo.

Nilikwenda Maziwe kutoka Ushongo, kijiji cha pwani ya Pangani. Nahodha alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Kwamsisi. "Ah, Mzigua," akasema. "Basi ukishuka usiende mbali, mwanangu. Huku kisiwa kina saa zake."

Maji yalikuwa yamekupwa, na lile fungu la mchanga lilikuwa jeupe hata linaumiza macho. Hakuna jani. Buabua kama mia hivi walikuwa wametua ukingoni, wote wameelekeza midomo upande wa upepo. Nilitafuta hata kisiki kimoja cha mvinje nisione. Bamvua ilikuwa siku mbili nyuma. Maji yalipoanza kujaa yalikuja bila kelele, pande zote, mchanga ukawa unapungua kama mkeka unaokunjwa. Ndege waliinuka pamoja. Mzee aliniita mara moja tu, nikarudi mbio, na tulipotia tanga nikageuka nyuma nikaona mahali niliposimama samaki wanapita.

Lakini kasa hawajaacha kuja. Wanataga Maziwe, mahali ambapo maji yatayafunika mayai kabla hayajaiva, na watu wa Ushongo wanayachimbua kwa mikono, wanayapanga ndooni juu ya mchanga wake uleule, wanayavusha kwa mashua na kuyafukia upya kwenye ufukwe wa bara, kisha wanayalinda hadi yaanguliwe. Hao pia nawahesabu katika ukoo wa watunza taa.

Msomaji wa Unguja, wa Tanga na wa Pangani, nina ombi. Kama babu yako aliwasha taa ya Chumbe, ya Ulenge, ya Nungwi au nyingine yoyote ya pwani hii, kaa na wazee wako wiki hii uwaulize jina lake kamili, alitoka kijiji gani, na alipandisha mafuta kwa miaka mingapi. Andika mwaka, andika jina la mkewe aliyekaa naye kule. Weka karatasi hiyo ndani ya msahafu au pamoja na hati za shamba, mahali ambapo haitapotea.