Tope Lisilotupwa

Wahenga walituusia kutupa jongoo na mti wake. Lakini katika historia ya kusafisha majitaka, mambo yalitengemaa pale watu walipokataa kutupa kila kitu.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Manchester ulikuwa mji wa viwanda na majitaka yake yalielemea mito. Mwaka 1912 Gilbert Fowler, mkemia wa Chuo Kikuu cha Manchester, alizuru kituo cha majaribio cha Lawrence, Massachusetts, akaona majitaka yakipuliziwa hewa. Aliporudi aliwasimulia Edward Ardern na William Lockett, waliokuwa wakifanya kazi kwenye mitambo ya Davyhulme.

Wawili hao walitia majitaka kwenye chupa, wakayapuliza hewa. Mara ya kwanza ilichukua takriban wiki 5 hadi amonia yote igeuke nitrati. Hapo wakafanya jambo dogo lililobadili kila kitu: walimwaga maji ya juu tu, wakabakiza tope, wakaongeza majitaka mapya. Kila waliporudia, muda ulipungua, hadi kazi ya wiki ikaisha ndani ya saa 24. Walitangaza matokeo yao Aprili 3, 1914.

Tope lile lilikuwa limejaa bakteria. Bakteria hawana meno. Hutoa vimeng'enya vinavyokatakata protini, wanga na mafuta kuwa vipande vidogo wanavyoweza kuvifyonza. Ndani ya seli, vimeng'enya vingine humalizia kazi kwa msaada wa oksijeni.

Tangu mwaka 1897, Eduard Buchner alikuwa ameonyesha kwamba vimeng'enya hufanya kazi hata bila seli hai. Ndiyo maana leo tunauziwa unga wa vimeng'enya wa kumimina kwenye mashimo ya vyoo. Hatusemi haufai. Ila kimeng'enya huchakaa, na kikichakaa lazima ununue kingine. Bakteria hai hutengeneza vipya kila siku, bila bei.

Tunaposoma ughaibuni ni rahisi kudhani kwamba ufumbuzi lazima usafirishwe kwenye makontena. Katika mabwawa ya majitaka ya Vingunguti, Dar es Salaam, wafanyakazi ni wale wale wa Davyhulme. Hewa yao huletwa na mwani na jua. Tukirudi nyumbani, tuanze kwa kuwatunza hao.