“Enzi za Utumwani”: Wimbo wa Sunburst na Njia Uliyopita

Mwaka 1976 bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam ilirekodi mjini Lusaka, Zambia, albamu yake ya pekee, Ave Africa. Miongoni mwa nyimbo zilizomo ni “Enzi za Utumwani”. Jina hilo likitamkwa Urambo lina uzito wa pekee, kwa kuwa nchi hiyo ilikuwa kwenye njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji.

Jina lenyewe lastahili kutazamwa kisarufi. “Enzi za utumwa” lingetosha kutaja kipindi. Kiambishi -ni kinaugeuza utumwa kuwa mahali: pahali mtu alipopelekwa, akakaa, na pengine akatoka. Kiswahili hufanya vivyo hivyo kwa utotoni na uzeeni, lakini hapa neno “enzi” limekwisha kutaja wakati, hivyo wakati na mahali vinakutana katika kirai kimoja. Huenda ni mazoea tu ya lugha ya mitaani. Hata hivyo, kwa mtu wa Urambo mahali hapo pana njia inayoweza kuonyeshwa kwa kidole. Tena historia ya njia hiyo haienei katika maneno matatu. Wanyamwezi wengi waliipita wakiwa wapagazi wa ujira, pembe za ndovu mabegani, na mwaka 1871 Mtemi Mirambo aliifunga katika vita vyake na Waarabu wa Tabora.

Kwa nini basi wimbo wa Kiswahili wa bendi ya Dar es Salaam urekodiwe Lusaka? Tanzania ya miaka hiyo haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi nyingi katika kanda, na kwa njia hiyo muziki ulifika hadi vijijini. Lakini kanda za redio hazikuwa bidhaa ya dukani. Aliyetaka santuri aliitafuta nje ya mipaka, hasa Nairobi. Shida hiyo iliwakuta pia wanamuziki wa Tabora, akina Kiko Kids na Tabora Jazz, wana Segere Matata.

Sunburst, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kuongozwa kwa sauti ya James Mpungo, ilipiga roki yenye asili ya Kiafrika, nayo ikauita mtindo wake Kitoto, kama ilivyokuwa desturi ya kila bendi ya dansi kujipatia jina la mtindo. Lusaka ilikuwa mahali pa kufaa, kwani roki ilikuwa imeshamiri huko, ingawa bendi za Zambia ziliimba sana kwa Kiingereza.

Santuri ile ikawa adimu, ikitafutwa na wakusanyaji wa ng’ambo. Wataalamu wa fasihi ya Kiswahili, waliozoea kuhariri tenzi kutoka miswada, hawakuwa na desturi ya kuhifadhi santuri za roki. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ilikusanya rekodi za bendi hiyo za 1973 hadi 1976 na kuzitoa upya, “Enzi za Utumwani” ikiwamo. Mwanafunzi wa Urambo anayetaka kuuchambua wimbo huo leo huanza na toleo hilo, lililotayarishwa Ulaya.